Jenga Ukiyafikiria Maji: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Anayejijengea Meru na Embu

Mtu akiamua kujijengea shambani, awe Manyatta, Runyenjes, Nkubu au Maua, kwa kawaida huanza na picha. Ameiona kwenye simu: paa la mikunjo mingi, nguzo mbili mlangoni, madirisha mapana. Pesa na mawazo yote yanaelekea huko. Novemba ikifika, mvua inashuka mlimani na kutafuta njia yake ya miaka yote, na njia hiyo siku hizi inapita katikati ya sebule.

Nyumba nyingi zinazozama upande mmoja, kuoza miimo ya milango au kung'olewa mabati hazikuponzwa na ufukara. Zimeponzwa na maji ambayo hakuna aliyejiuliza yanatoka wapi na yataelekea wapi. Maagizo yaliyo hapa chini ni makali kwa kukusudia. Asiyeyataka amwite kontrakta, amlipe, akae kando.

KARATASI KABLA YA JEMBE

Fanya sachi katika afisi ya ardhi hata kama anayekuuzia ni mjomba wako. Sachi itakuonyesha jina la mwenye shamba, mkopo wa benki ulioegemezwa kwenye hati, na zuio lililowekwa na mtu usiyemjua. Mjomba hatakuonyesha hayo.

Usijenge nyumba ya kudumu kwenye shamba lililo bado kwa jina la babu aliyefariki. Najua umeonyeshwa kipande chako, na kijiji kizima kinajua kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kijiji hakitoi hati. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinahesabu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya korti kuwa kosa la jinai, na ndugu akikukasirikia atakikumbuka kifungu hicho. Dada zako nao ni warithi, wawe wameolewa au hawajaolewa. Maliza urithi kwanza, nyumba ifuate.

Usimalize kulipia shamba la kilimo kabla ya idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Pasipo idhini, mauziano ni batili machoni pa sheria hiyo, na nyumba uliyoisimamisha juu yake inageuka kesi.

Kama uko Igembe, Tigania au Mbeere, uliza upimaji umefika wapi. Sehemu kadhaa za huko zimekaa miaka mingi watu wakiwa na nambari za vipande bila hati mkononi. Mwulize afisa wa ardhi ni pingamizi gani bado ziko wazi juu ya nambari yako. Mpaka jibu lije, jenga nyumba ya mbao, ambayo inaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Mawe hayahami.

Waite wazee, lakini usikomee hapo. Upande wa Meru, Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, wana uzito katika ugomvi wa ardhi, na kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua njia za jadi za kutatua mizozo. Uamuzi wao uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi, kisha ufikishwe kwa msajili wa ardhi. Neno la mzee aliyekwisha kufa halina pa kusimama.

Usiweke ukuta juu ya mpaka kwa kufuata ua la mimea. Ramani za usajili za mashamba mengi ya huku zinaonyesha mpaka kwa jumla tu, si kwa inchi. Jirani akibisha, mzozo huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya kufika kortini. Mlete mpimaji mwenye leseni, jirani akiwepo, kabla lori la mawe halijafika.

Peleka ramani ya nyumba kaunti. Kujenga bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kaunti isipokujibu ndani ya siku 60, sheria inahesabu kwamba umeruhusiwa, kwa hiyo tunza stakabadhi yenye tarehe. Anayekuambia kwamba kijijini hakuna kanuni bado anaishi enzi za kanuni za 1968. Kanuni mpya ya Kitaifa ya Ujenzi ilianza kutumika 2025.

PAHALI PA NYUMBA

Nenda shambani mvua ikinyesha. Si kesho yake. Vaa gambuti, simama pale unapotaka kujenga, uangalie maji mekundu yanapita wapi, yanakusanyika wapi, na shamba la jirani wa juu linakumwagia nini. Nusu saa hiyo ina faida kuliko ramani yoyote utakayouziwa mjini.

Usijenge ukingoni mwa mto kwa sababu pana ubaridi na mandhari nzuri. Rupingazi, Kathita, Thuci na vijito vyake hupanda usiku, wakati umelala. Kanuni za maji zinataka uache kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto.

Usijenge chini ya nyaya za umeme mkubwa. Mbeere imepitiwa na nyaya zinazotoka mabwawa ya Seven Forks, na bei ya vipande vilivyo chini yake huwa ya kuvutia. Sababu ya bei hiyo iko juu ya kichwa chako.

Usipande mkaratusi karibu na nyumba, wala karibu na chemchemi. Mgrevilea, mukima kama wengi wanavyouita, uache umbali wa kutosha ili majani yake yasiangukie paa. Nitaurudia mti huu chini, kwa sababu una hila.

Sasa mteremko, na hapa naomba usome polepole, maana ndipo nyumba nyingi za Imenti, Manyatta na miteremko ya Nyambene huharibikia. Mtu ana shamba lililoinama. Anawaita vijana, wanachimba upande wa juu, na udongo waliouchimba wanautupa upande wa chini hadi panakuwa tambarare. Panapendeza. Kisha anajenga nusu ya nyumba kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye udongo uliotupwa. Mvua mbili zinapita salama. Ya tatu, udongo uliotupwa unashuka kidogo, ule wa asili unabaki, na ukuta unaanza kupasuka. Ufa unatoka kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya mawe, na ukiutazama vizuri utaona ni mpana juu na mwembamba chini. Hiyo ni dalili kwamba mwisho wa nyumba unakwenda zake. Fundi atakuja kuupaka simiti. Mwaka ujao utafunguka tena palepale.

Kwa hiyo: usiweke msingi kwenye udongo wa kutupwa. Chimba mitaro yote mpaka ufikie udongo uliolala hapo tangu zamani, hata kama upande wa chini utachimba mara mbili zaidi, na mitaro ishuke kwa vidato, sakafu ya kila kidato ikiwa sawa na pima maji. Kama pesa hazitoshi, punguza nyumba. Nyumba nyembamba inayolala kando ya mteremko ni bora kuliko pana inayoning'inia.

Usisogeze ukuta wa nyuma hadi kwenye kingo uliyoikata. Acha nafasi isiyopungua kimo cha kingo yenyewe. Juu ya kingo chimba mtaro wa kukinga maji, uyapeleke kando, si kwenye boma la jirani, maana hapo ndipo ugomvi wa kizazi kizima huanzia. Panda nyasi za Napier kwenye kingo. Ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, uachie matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu huanguka mzima mzima.

MSINGI

Usianze msingi Machi au Oktoba. Anza Januari au Juni. Vitabu vya jiografia huziita mvua za Oktoba hadi Desemba mvua fupi. Upande wetu wa mlima hazina ufupi wowote, na Novemba ndiyo hujaza mitaro ya watu.

Ujue udongo wako. Udongo mwekundu wa miteremko ni mzuri, hubeba nyumba ya kawaida bila kelele mradi maji yasikae chini yake. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za chini za Embu, upande wa kuelekea Mwea, ni adui mwingine kabisa: kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia, mvua ikija huvimba na kuinua sakafu. Uondoe wote chini ya nyumba, ujaze maram na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Kama tabaka lake halina mwisho, mlipe mhandisi. Hapo pesa ya mhandisi si anasa.

Weka karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, chini ya ukuta wote bila kuruka kona. Ni kitu cha bei ndogo kinachosahauliwa na mafundi wengi, na ndicho chanzo cha ile rangi inayobanduka futi mbili kutoka chini katika nyumba za mwaka wa tatu.

Zungushia nyumba ukanda wa zege au mawe wa upana wa futi 2 au 3, ulioinamia nje. Fanya hivyo kabla ya kununua sofa.

MCHANGA, SIMITI, NA JAMAA ANAYEONGEZA MAJI

Usipokee mchanga kabla ya kuupima. Mchanga wa mito ya Mbeere na Tharaka una sifa nzuri, lakini lori halina hati ya kuzaliwa. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiweke juu ya jiwe usiiguse. Baada ya saa 3 utaona mchanga chini na tope limelala juu yake kama ugoro. Tope likizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili, lirudishe lori. Dereva atalalamika. Mwache alalamike.

Pima kwa karai au ndoo, si kwa sepeto. Zege la sakafu na la mkanda: simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Plasta: simiti moja, mchanga nne. Sepeto la asubuhi na sepeto la saa tisa jioni si kipimo kimoja, kwa sababu mtu wa mkono amechoka.

Usikubali simiti iliyolala irudishiwe maji. Hili lisimamie wewe mwenyewe. Saa nne wamekoroga rundo kubwa ili wasikoroge tena. Saa saba wanakula. Saa nane rundo limeanza kukaza, fundi anaguta "leta maji!", mtu wa mkono anamwaga nusu ndoo, rundo linalainika na kung'aa, na kila mtu anafurahi. Ile simiti ilikwisha kufa. Ukiikwaruza na msumari wiki ijayo itatoka vumbi. Amuru wakoroge kidogo kidogo, kiasi cha kutumika ndani ya saa moja, na rundo lililobaki lijaze shimo la njia.

Mwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa, ulifunike kwa magunia au majani ya migomba. Zege halikauki tu, linakomaa, na bila maji halikomai. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Anayeondoa mbao za lenta siku ya tatu kwa sababu anazihitaji kwingine anakopa asichoweza kulipa.

Usinunue simiti ya nyumba nzima kwa mpigo kwa sababu bei imeshuka. Baada ya miezi 3 mfuko wa kilo 50 umeanza kuwa jiwe. Iliyopo ipandishe juu ya mbao, mbali na ukuta.

KUTA

Usiijaribu ghorofa bila mhandisi. Hilo halina mjadala.

Ukitaka matofali ya udongo ya kufungana, yale yanayofyatuliwa kwa mashine na simiti kidogo, uwe na subira. Udongo mwekundu wa juu, wa maeneo ya chai na kahawa, una mfinyanzi mwingi. Ukiutumia peke yake tofali litapasuka likikauka. Changanya na mchanga au maram, fyatua machache, yaache wiki mbili, uyaloweke ndani ya maji usiku kucha. Likitoka zima, endelea. Likimeguka, ongeza mchanga ujaribu tena kabla ya kufyatua elfu mbili. Funika kwa polithini yakomae kwenye kivuli. Wanaoyaanika juani ndio hao wanaosema teknolojia hii haifai.

Usichome matofali kwa miti ya shamba lako lote ili uokoe pesa. Utakuwa na nyumba bila kivuli wala kuni.

Funga mkanda wa zege wenye vyuma juu ya madirisha, uzunguke nyumba yote na ukutane ulipoanzia. Mkanda unaokatika kwenye kona si mkanda.

Nyumba ya mbao usiidharau. Juu kule penye baridi, mbao huweka joto kuliko mawe. Inyanyue futi moja au zaidi kutoka ardhini, juu ya nguzo fupi za mawe. Ubao ukigusa udongo, mchwa hawahitaji mwaliko. Wala usimwage oili chafu ya gari kuzunguka nyumba ukidhani umewaweza, kwani utakuwa umeharibu udongo na maji ya kisima, na mchwa watapita chini zaidi. Tumia dawa ya mbao inayouzwa kwa kazi hiyo, na kila mwezi kagua nguzo kama kuna njia za udongo zinazopanda.

PAA

Usiezeke kwa mbao mbichi. Mukima, saipresi, zote zinapojipinda zinang'oa misumari. Zipange kwenye kivuli, vijiti katikati ya kila safu upepo upite, uzipe miezi kadhaa. Ukikata miti yako mwenyewe, pata ruhusa kwanza, na kabla ya kuzibeba mbao barabarani pata kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu. Polisi wa barabarani hawajui kwamba ni mti wa baba yako.

Soma geji kabla ya kulipa. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Kwenye nyanda za Timau au Kiritiri, upepo unakokuja bila kizuizi, geji 32 ni ya banda la kuku.

Lifunge paa kwenye ukuta. Chomeka vyuma au waya nene ndani ya mkanda wa zege, uvikunje juu ya mbao za ukutani. Misumari peke yake inashikilia uzito kwenda chini, si upepo unaoinua.

Weka gata na tangi tangu mwanzo. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 8 likinyeshewa milimita 25 linatoa lita 2,000 kwa mvua moja. Mji wa Embu hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, yaani lita 96,000 juu ya paa hilo, na hata ukipoteza sehemu ya tano, bado unazo kama 77,000. Maji hayo usipoyakusanya hayapotei. Yanaanguka kwenye msingi wako, mstari mmoja, mwaka mzima. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, kwa hiyo jukwaa lake nalo ni ujenzi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite, isiingie tangini, kwa maana inaosha vinyesi vya ndege.

CHOO, KISIMA NA STIMA

Usichimbe choo juu ya kisima au chemchemi. Kiwe upande wa chini, umbali usiopungua mita 30. Sehemu ya juu ya shimo ijengewe kwa mawe, na katika udongo wa kichanga wa Mbeere jengea hadi chini.

Usimruhusu mtu ateremke shimoni peke yake, wala bila kamba iliyofungwa kifuani na watu wawili juu. Usiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima hata kwa dakika moja, maana hewa ya sumu iliyo katika moshi wake inaua bila harufu ya kukuonya. Mwenzako akizimia humo, usimfuate. Hivyo ndivyo kaburi moja linavyokuwa matatu.

Usilale na jiko la makaa chumbani Julai, dirisha likiwa limefungwa; nalo hutoa sumu ileile.

Waya za stima ziwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mdhibiti wa nishati. Usivute stima kwa jirani juu ya miti.

MATUNZO

Wiki ya mwisho ya Februari na ya mwisho ya Septemba, panda ngazi. Mukima hupukutisha majani hasa kiangazi, majani yanayofanana na ya kangaga, na yakishalowa kwenye gata yanashikana kuwa kizibo. Maji yanafurika nyuma ya gata, yanaingia kwenye ubao wa ukingo, na ubao unaoza ukiwa bado umepakwa rangi nzuri kwa nje. Toa majani kwa mkono. Kagua mipira ya misumari ya paa; uliopasuka ubadilishe, usiupake lami.

Zibua mitaro yote, hata ile ya jirani ikiwa inakumwagia, ukimwomba ruhusa kwanza.

Usipake rangi juu ya ukuta wenye unyevu. Tafuta maji yanaingilia wapi, uyazibe, uache ukuta ukauke.

Ukiona ufa, usikimbilie mwiko. Weka alama ya penseli pande zote mbili za ncha zake, uandike tarehe ukutani kando yake, na upime upana katikati. Pima tena baada ya mvua za Aprili na baada ya Novemba. Usiposogea, uzibe upake rangi. Ukisogea, chimba kando ya msingi hapo chini ya ufa uone udongo ulivyo, na kabla ya kumwita fundi wa plasta, mwite mhandisi.